Saa ya Baba Isiyo na Waranti

Baba yangu alikula mshahara kwa neno moja: karatasi. Miaka yake yote ya kazi aliimalizia kwenye kizuizi cha mazao ya misitu, barabara ya kutoka Inyonga, akisimamisha malori ya mbao, pikipiki za mkaa na baiskeli za asali. Dereva akishusha kioo, hata salamu hajapewa, Baba anasema, "Karatasi." Ukiwa nayo anaisoma yote, mpaka maneno ya kwenye muhuri, anakurudishia na kukuambia, "Pita." Ukiwa huna, mzigo unashuka. Alikuwa hapokei kitu kidogo, jambo lililotuletea heshima kubwa na mboga chache.

Nyumbani nako hatukupona. Ukiomba hela ya daftari, anataka kwanza aone lile la zamani kama kweli limejaa. Mama akinunua jogoo mnadani, Baba anauliza jogoo ametoka kwa nani na nani alishuhudia. Mama alikuwa anamwambia, "Mume wangu, huyu ni jogoo, siyo gogo la mninga." Akastaafu, tukamfanyia na kasherehe, tukadhani mambo yameisha. Wapi! Kizuizi kilimfuata mpaka sebuleni.

Sasa mimi, kati ya wanaume wote wa mkoa wa Katavi, nikaenda kumpenda mfanyabiashara wa asali. Alikuwa anakusanya asali kwa wafugaji wa nyuki kule Ugalla, anakuja kuiuza Mpanda mjini, na mimi wakati huo nilikuwa nauza duka la dawa mtaa wa Makanyagio. Alianza kwa kuja kununua dawa ya kikohozi. Alikohoa msimu mzima yule bwana, nikamwonea huruma. Siku aliponiambia anataka kunioa nikamweleza baba yangu ni nani, na yeye akakaa chini, kweli kabisa, kwenye ukingo wa mtaro mbele ya duka. Kumbe walishakutana. Baba aliwahi kumlaza pale kizuizini juu ya ndoo zake za asali, kwa sababu kibali alikisahau Ugalla.

Kwa hiyo mchumba wangu alimjua Baba na karatasi zake. Hilo naomba lieleweke, maana baadaye alijitia hakujua.

Mahari ikapangwa. Kwetu, ukiacha mahari yenyewe, kuna vitu vya heshima vinavyokwenda pamoja nayo: blanketi la bibi, vitenge vya mama, koti la baba. Mchumba wangu akaamua kwamba koti ni kitu cha kawaida mno. Yeye atapeleka saa. Na siyo hizi saa zetu za mnadani zinazopangwa ndani ya mwavuli uliogeuzwa. Alitaka saa ya Uswisi, saa ya watu wenye pesa zao, inayokuja kwenye kisanduku cha ngozi imelazwa juu ya kamto. Nikamwambia, "Mpelekee mzee koti." Akasema koti kila mtu anapeleka. Msimu ule asali ilikuwa imemwendea vizuri, na mwanaume aliyeendewa vizuri na msimu haambiliki.

Aliiagiza kwa mzee mmoja wa Kiislamu mwenye duka la saa na manukato karibu na soko la Mpanda. Mzee akaiagiza Dar es Salaam, ikaja, ikalipiwa. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Niliivaa mara moja kwa siri nikaenda nayo mpaka kwenye kioo.

Siku ya kupeleka mahari, upande wake walikuja Inyonga wakiongozwa na baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, pamoja na shangazi yake. Huyo shangazi ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na mambo yote ya zawadi yalikuwa mikononi mwake. Mimi, kama ilivyo desturi, nilifichwa chumba cha ndani na binamu zangu, masikio yetu yote yako kwenye pazia.

Blanketi likapokelewa kwa vigelegele. Vitenge vikapokelewa, Mama akavijaribu hapo hapo. Halafu mshenga akakohoa kidogo, akasema kwamba badala ya koti, kijana wao ameona amletee mzee kitu cha kumtunzia wakati. Nikasikia kisanduku kikifunguliwa. Nikasikia watu wakisema "ooh". Nikachungulia kwa tundu la pazia, nikamwona Baba ametoa saa, ameinua kamto, anaangalia chini ya kamto. Akageuza kisanduku kichwa chini miguu juu, akakitikisa.

"Karatasi yake?" akauliza.

Mshenga akadhani anaulizia orodha ya vitu, akaanza kujipapasa mfukoni. "Siyo hiyo," Baba akasema. "Karatasi ya saa."

Mchumba wangu, huku jasho limeshamtoka, akasema, "Mzee, waranti ilikuwepo humo humo."

"Humu hamna."

"Lakini mzee," mshenga akaingilia, "hii ni zawadi tu."

"Ndiyo maana nauliza. Kitu rahisi hakiulizwi. Mtu akinikuta barabarani na kitu cha namna hii, akaniuliza nimekitoa wapi, nimwonyeshe nini? Nimwonyeshe mkwe?"

Binamu zangu walijiziba midomo kwa khanga wasicheke. Mimi nilikuwa natafuta mwiko nitoke nao sebuleni. Baba akairudisha saa kwenye kisanduku taratibu, akasema maneno ambayo hadi leo tunamwigiza nayo: "Saa nimeipokea. Mkwe sijamkataa. Ila saa inashikiliwa mpaka karatasi ije, na tarehe ya harusi inashikiliwa pamoja nayo." Akanyanyuka, akaenda kuiweka juu ya kabati, pembeni ya redio.

Mama akamfuata mpaka kabatini. "Unashikilia harusi ya mwanao kama gunia la mkaa?"

"Mkaa ningeshaupiga mnada," Baba akasema.

Chakula kikaletwa, watu wakala kwa adabu na huzuni. Isipokuwa shangazi. Yeye alikuwa anausifia wali, anausifia mchuzi, akauliza kuku amepikwa na nani, akaomba na kipande kingine. Nilimwona kupitia lile tundu, nikasema moyoni, angalau mmoja wao ana roho nyepesi. Jamani, mimi nilikuwa sijui kitu.

Walipoondoka, mambo yakageuka. Baba mdogo wake alifika Mpanda akasema ukoo wao umeitwa wezi mchana kweupe, na kwamba wasichana wako wengi tu ambao baba zao hawakufanya kazi kizuizini. Mchumba wangu alikuwa ananiletea habari hizo moja moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta majibu ya hospitali. Nilicheka mbele yake, nikasema atazoea. Lakini nilikuwa naogopa. Nilikuwa nafunga duka jioni, nakaa kwenye kigoda nyuma ya makabati ya dawa, nalia, halafu nakasirika kwa sababu nimelia. Nilimtaka yule bwana, na nilimtaka kwa ridhaa ya baba yangu. Kutoroka nilikuwa siwezi. Na Baba namjua, karatasi isipokuja, hata mvi zikiniota nitakuwa bado niko chini ya uangalizi.

Basi nikampandia mwenye duka la saa. Niliingia pale na mchumba wangu nyuma yangu, sikusalimu.

"Mzee, umetuuzia saa ya wizi?"

Yule mzee akaniangalia juu ya miwani yake. "Binti, kaa kwanza. Kahawa unakunywa?"

"Sikufuata kahawa."

"Najua, lakini sauti hiyo inataka kahawa." Akachukua simu yake, akatafuta, akaniwekea mbele ya macho. Ilikuwa picha aliyomtumia mchumba wangu kwa WhatsApp siku mzigo ulipofika: kisanduku kiko wazi, saa imelala, na juu yake kadi ya waranti yenye muhuri, tarehe na kila kitu. "Mimi nauza saa, binti, siuzi harusi. Karatasi niliiweka kwa mkono wangu, na huyu bwana aliishika akaisoma."

Nikamgeukia mchumba wangu polepole. Yeye alikuwa anaangalia ukutani. Kulikuwa na saa nyingi za ukutani mle dukani, kila moja inasema wakati wake, na yeye alizitazama zote.

"Nani alifunga zawadi?" nikauliza.

"Shangazi," akasema.

Mzee wa duka akanisogezea kahawa. Safari hii niliinywa.

Shangazi alikuwa anakaa huko huko Makanyagio, peke yake, kwenye vyumba viwili vya kupanga. Nilikuwa nampenda kwa utani wake. Aliwahi kuolewa, akaachika, na habari ya kuachika kwake alikuwa anaihadithia kama kichekesho. "Nikarudi kwetu na begi langu kichwani," alikuwa anasema, "naingia chumbani kwangu, nakuta magunia ya karanga yamelala kitandani. Nikayauliza, nyie nani kawaoa?" Watu wote wanavunjika mbavu. Kaka zake walikuwa wamejaza chumba mavuno, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuyatoa. Akalala jikoni, halafu akahamia mjini. Sehemu hiyo ya mwisho alikuwa anaisema haraka, anarukia hadithi nyingine.

Tulimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Hakushtuka hata kidogo.

"Karibuni. Mmechelewa, nilijua mtakuja tangu juzi."

"Shangazi, karatasi ya saa," mpwa wake akasema.

"Ninayo. Mimi siyo mwizi. Iko kwenye mkoba."

Mimi nikaingilia. "Sasa Shangazi, siku ile Baba anauliza, harusi yangu inakamatwa mbele ya macho yako, mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakula."

"Shangazi!"

"Kaa chini, mwanangu, usinipigie kelele kwangu." Akaweka ungo pembeni. "Mimi niliisoma ile kadi. Mpwa wangu anisamehe, nilimwomba jirani yangu mwalimu anisomee vizuri. Inasema saa ikiharibika, ikisimama, ikiingia maji, irudishwe. Tena imeandika na muda! Sasa niambie wewe uliyesoma. Siku tunakwenda kwa watu kuomba mke, tunawapelekea na karatasi ya kusema kitu kitaharibika? Wakwe wasome nini hapo? Kwamba tumekuja huku tumeshapanga kuharibikiwa? Huo siyo ustaarabu. Huo ni mkosi. Mimi yangu iliharibika bila hata karatasi."

Nikavuta ungo wake, nikaanza kuchambua maharage. Alikuwa na haki yake. Alitoa karatasi kwa heshima ya baba yangu, na baba yangu alikuwa anaitaka kwa heshima hiyo hiyo. Watu wawili wenye adabu kupita kiasi walikuwa wananizeesha mimi katikati.

"Basi tupe tumpelekee," mchumba wangu akasema.

"Siwapi. Nyie mtakwenda kuniponda huko, mseme kazee ka mjini kameiba karatasi. Nitampelekea mwenyewe."

Tukaenda naye Inyonga, yeye amepakata mkoba wake njia nzima kama mtoto mchanga. Baba alikuwa nje anatengeneza mpini wa jembe. Alipotuona akasimama, na nakuambia ukweli, mkono wake wa kulia ulinyanyuka kidogo kama anayesimamisha gari.

Shangazi hakusubiri kiti. Alieleza yote amesimama: aliitoa, kwa nini aliitoa, na kwamba angeulizwa tena kesho angeitoa tena. Kisha akafungua mkoba, akafungua leso, akampa Baba kadi kwa mikono miwili.

Baba aliisoma mpaka muhuri. Mama naye alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi. Baba akamtazama shangazi, mdomo wake ukaanza kucheza.

"Mama," akasema, "mimi nimekaa kizuizini mpaka nywele zimeisha. Nimekuta mbao chini ya mihogo. Nimekuta mkaa chini ya godoro la mgonjwa, na mgonjwa juu yake anakula muwa. Watu wote wanaficha mzigo. Sijawahi kuona mtu anapitisha mzigo halafu anaficha kibali."

Akaanza kucheka. Baba yangu kucheka ni habari, huwa anaanza tumboni na anachelewa kufika. Shangazi akamwambia, "Cheka tu, lakini kuku wenu yule alikuwa mzuri," na hapo hata Mama akakaa chini na unga wake. Saa ikashushwa kabatini, Baba akaivaa, akaangalia, akasema tarehe ipangwe leo leo kabla watu hawajaficha kitu kingine.

Asubuhi ya kunitoa nyumbani, nimeshavaa, nimeshalia, nimepakwa poda mara ya pili, Baba akaomba nafasi ya kusema. Akatoa bahasha ya kaki. Mbele ya ukoo wote akaanza kutoa karatasi moja moja na kumkabidhi mume wangu: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, ripoti za shule. "Isije ikasemwa nilitoa kitu bila karatasi," akasema. Watu wakaanguka kwa kicheko. Akavaa miwani, akasoma ripoti moja kwa sauti: "'Mwanafunzi huyu ana hasira za haraka.' Unaona? Kasoro zinazojulikana zimeandikwa humu. Usije ukasema hukuambiwa." Nilitamani ardhi inimeze, na mume wangu alikuwa anacheka kuliko wote.

Halafu Baba akavua miwani.

"Na mimi ndiye waranti yake," akasema. "Siku akikushinda, usimpige. Usimtolee begi nje. Nirudishie mimi mwenyewe, kwa mikono miwili, kama nilivyokupa. Chumba chake kitakuwepo. Muda sijaandika."

Nilimsikia mtu analia kwa sauti, nikadhani ni Mama, kumbe ni shangazi. Alilia bila kujificha, khanga imedondoka begani, yeye ambaye sijawahi kumwona hata akipangusa jicho. Akanyanyuka, akaichukua ile bahasha mikononi mwa mpwa wake, akaitumbukiza kwenye mkoba wake. "Hii naitunza mimi," akasema, huku anavuta kamasi. "Nyie mtaipoteza."

Sasa tumekaa kwenye ndoa miaka ya kutosha. Tukigombana mume wangu ananitisha kwamba atanirudisha kizuizini, na mimi namwambia atangulie akachukue karatasi kwa shangazi kama ataipata. Waranti ya saa ilishaisha siku nyingi, ila Baba bado anatembea na kadi yake mfukoni, ndani ya nailoni. Kila nikienda Inyonga, kabla ya salamu, ananiuliza, "Umekuja kusalimia au umerudishwa?" Nasema nimekuja kusalimia. Anaangalia ukubwa wa begi langu, ndipo anaitikia shikamoo.

Msimu uliopita nilikwenda na shangazi. Amezeeka, magoti yanamsumbua, na wenye vyumba wamekuwa wakimpandishia kodi bila huruma. Mahindi yalikuwa yamekubali sana mwaka ule. Tulikuta magunia sebuleni, magunia kwenye korido, chumba cha kaka yangu kimejaa mpaka kwenye bati. Mama alikuwa anapita kiubavu nyumbani kwake mwenyewe, na anasema kila anapopita.

"Si mngeweka na chumbani kwangu?" nikasema.

"Hicho kina mtu," Baba akajibu.

Shangazi aliuona mlango wa chumba changu kabla sijaunyooshea kidole. Akajisukuma katikati ya magunia, akaufungua. Kitanda kimetandikwa. Chandarua kimefungwa juu. Sakafu imefagiliwa, hakuna hata punje ya hindi. Alisimama pale mlangoni, ameshika fremu, akasema bila kugeuka, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani wake, kwamba magoti yake yamechoka na mjini pamemshinda.

Baba ndiye aliyekuja, kiubavu, saa imemlegea mkononi, akasimama nyuma yake.

"Karatasi unayo?" akamuuliza.

Shangazi akafungua mkoba. Akatoa bahasha ya kaki, kingo zimechakaa, akampa kwa mikono miwili. Baba akatafuta miwani, akaivaa, akazisoma karatasi zangu zote moja baada ya nyingine, mpaka maneno ya kwenye muhuri. Akazirudisha ndani, akampa bahasha yake.

"Pita," akasema.